Jinsi ya Kuikagua, Kuisafisha na Kuipima Shabaha Lee-Enfield Kuukuu ya Jeshi

Anayenunua bunduki ya zamani ya jeshi kwa mara ya kwanza huangalia mambo mawili: namna ubao wake unavyong'aa, na mwaka uliogongwa kwenye chuma. Yote mawili yana uhusiano mdogo sana na mahali risasi itakapotua. Nimeiona Lee-Enfield iliyofanana na mpini wa jembe, ubao wake mweusi kwa jasho na mafuta ya miaka themanini, ikitoboa matundu matano ndani ya duara la ukubwa wa kiganja kwa yadi 100. Nimeiona nyingine pia, iliyopakwa vanishi kama meza ya sebuleni, ikitawanya risasi karatasi nzima. Tofauti kati yao ilikuwa katika inchi moja ya mwisho ya mtutu, katika namna ubao unavyoushika mtutu huo, na katika aina ya risasi zilizotiwa. Mwongozo huu unafuata mambo hayo matatu tangu siku ya kununua mpaka siku ya kurudi kutoka uwanja wa shabaha, nao unaichukua Lee-Enfield No. 4 kuwa mfano wake mkuu.

Sheria kwanza, kwa ufupi. Maelezo haya ni ya wasomaji wanaoishi mahali ambapo raia anaweza kumiliki bunduki ya namna hii kwa kibali. Kanada, ambako mimi naishi, unahitaji leseni iitwayo PAL, ambayo hupatikana baada ya kozi ya usalama na uchunguzi wa mwenendo wako. Marekani, muuzaji mwenye leseni atakujazisha Fomu 4473; mkazi wa kudumu mwenye kadi ya kijani anaweza kununua, lakini aliyeingia kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa ametimiza masharti machache yaliyotajwa na sheria. Wapo ndugu zetu wanaoalikwa na rafiki kwenda uwanjani wikendi bila kulijua hilo. Sheria hizi hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo soma iliyopo leo, usitegemee ya mwaka jana.

Kwa nini bunduki hizi bado zinatafutwa

Lee-Enfield imebeba majina mawili. James Paris Lee, fundi aliyezaliwa Uskoti na kukulia Kanada, ndiye aliyebuni bolti yake (chuma kinachosukumwa kwa mkono kuingiza risasi na kuifungia ndani) na magazini (kisanduku kinachobeba risasi). Enfield ni kiwanda cha serikali ya Uingereza kaskazini mwa London, ambako mtutu wake ulipewa kwa ndani mifereji mitano inayojisokota kuelekea kushoto. Mifereji hiyo ilichukua mwaka 1895 nafasi ya ile ya Metford, iliyokuwa na kina kidogo na ikaliwa upesi na kodaiti, baruti mpya isiyotoa moshi mwingi. Uzito wa mabadiliko hayo ya baruti ulionekana wazi Tanga mnamo Novemba 1914: wengi wa askari wa Wajerumani walikuwa bado wanatumia Mauser ya mwaka 1871, yenye risasi ya milimita 11 na baruti nyeusi, na kila alipofyatua mmoja wao, wingu la moshi lilimtangaza alipo. Walishinda vita ile hata hivyo, na mojawapo ya faida zao kubwa ilikuwa mamia ya bunduki za Waingereza zilizoachwa ufukweni na mashambani.

Mfululizo wa Lee-Enfield ni mrefu, lakini mnunuzi wa leo hukutana hasa na aina mbili. Ya kwanza ni No. 1 Mk III ya mwaka 1907, yenye pua butu na kilengeo cha nyuma kilichokaa katikati ya bunduki. Ya pili ni No. 4, iliyoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1941, yenye mtutu mzito zaidi kidogo na kilengeo cha tundu kilicho karibu na jicho. Zaidi ya milioni nne za No. 4 zilitengenezwa, Uingereza, Kanada katika kiwanda cha Long Branch, na Marekani katika kiwanda cha Savage. Askari wa Keya (King's African Rifles) walivuka bahari na Lee-Enfield kwenda kupigana Burma, na kaskazini mwa Kenya watu waliendelea kuiona kwa miongo mingi mikononi mwa polisi wa akiba, wakiiita Mark 4. Huku Kanada, walinzi wa maeneo ya Aktiki waitwao Canadian Rangers waliitumia hiyo hiyo No. 4 mpaka walipoanza kupewa bunduki mpya iitwayo C19 mwaka 2018, kwa sababu ya kawaida kabisa kwamba haikugoma kwenye baridi.

Kuhusu shabaha yake niseme ukweli, maana mapenzi hutia watu chuku. Bunduki mpya ya kuwindia ya bei ya chini inayotoka kiwandani leo, ikiwa na darubini, itaishinda Lee-Enfield nyingi. Iliyo na afya, kwa vilengeo vyake vya chuma na risasi nzuri, hutoa kundi la matundu matano lenye upana wa inchi mbili hadi nne kwa yadi 100, na ikitoa inchi mbili mwenyewe huitunza karatasi hiyo. Kinachowashangaza watu ni kwamba chombo kilichotengenezwa kwa haraka ya vita, kikaburutwa matopeni, kikarundikwa ghalani kikiwa kimepakwa grisi, bado kinaweza kufanya hivyo baada ya miaka themanini.

Ukaguzi dukani

Iombe bunduki, uelekeze mtutu pasipo na mtu, kidole kikiwa nje ya kifyatulio. Toa magazini, fungua bolti, tazama ndani ya chemba, mahali risasi inapokaa, kisha ingiza kidole kidogo uipapase. Fanya hivyo hata kama muuzaji ameifungua mbele yako sekunde mbili zilizopita. Muuzaji anayeifahamu kazi yake hatachukia.

Soma chuma kabla ya kusoma ubao. Herufi unazopaswa kuziogopa ni DP, zinazogongwa kwenye chuma na mara nyingine kwenye ubao. Maana yake ni bunduki iliyoondolewa kwenye matumizi na kutengwa kwa ajili ya gwaride na mazoezi ya mikono, na haifai kufyatuliwa kamwe hata kama inaonekana nzima. Herufi za kufurahia ni FTR zikifuatwa na mwaka: bunduki hiyo ilirudishwa kiwandani ikafumuliwa na kukarabatiwa yote. Angalia pia kipimo cha risasi. Kiwanda cha Ishapore, India, kilitengeneza katika miaka ya 1960 bunduki iitwayo 2A inayotumia risasi ya milimita 7.62 badala ya ile ya kawaida ya Lee-Enfield, yaani .303, na kilibadilisha nyingine za zamani kuwa bunduki za marisau za .410. Kwa mbali zote ni Lee-Enfield, lakini risasi zake haziingiliani, na kuchanganya kunaweza kumgharimu mtu jicho.

Linganisha namba iliyo nyuma ya mkono wa bolti na ile iliyo kwenye mwili wa bunduki. Zikilingana ni heri. Zisipolingana si lazima uondoke, ila usifyatue kabla fundi bunduki hajapima nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda la risasi. Kwa .303 geji (kipande cha chuma cha kupimia) ya inchi 0.064 inapaswa kukubali bolti ifunge, na ile ya inchi 0.074 inapaswa kuizuia. No. 4 ina fadhila moja hapa: kichwa cha bolti hutoka kwa kufunguliwa kama skrubu, na vilitengenezwa vya urefu tofauti, vikapewa namba 0 hadi 3, ili fundi wa jeshi arekebishe nafasi hiyo kwa kubadilisha kichwa tu. No. 1 haina mpango huo wa namba.

Ukishikishwa No. 4 Mk I*, yaani yenye nyota, ya Long Branch au Savage, kagua kwa kurunzi reli ambayo kichwa cha bolti hupita. Ili kurahisisha utengenezaji, aina hiyo ilikatwa pengo karibu na mwisho wa mbele wa reli, na kingo za pengo hilo humeguka. Pakimeguka vya kutosha, kichwa cha bolti huchomoka kwenye njia yake unapoivuta nyuma. Nimeona mtu akilipa bei ya juu kwa sababu ya nyota hiyo bila kujua kwamba ndiyo ingemfanya aangalie zaidi.

Sasa mtutu, na hapa usikubali kuharakishwa. Toa bolti, weka kipande cha karatasi nyeupe mahali pa chemba, utazame kupitia mdomo wa mtutu. Unatafuta matuta yenye kingo kali kati ya mifereji. Weusi na vishimo vidogo vya kutu ndani ya mifereji havipendezi, lakini mara nyingi havizuii shabaha. Matuta yaliyolainika kama kingo za sabuni iliyotumika ndiyo habari mbaya. Kisha upime mdomo wenyewe. Chukua kichwa cha risasi peke yake, bila ganda wala baruti, cha gramu 11 hivi na kipenyo cha inchi 0.311, ukiweke alama ya kalamu mahali ambapo shingo ya ganda huishia. Kiingize ncha mbele kwenye mdomo wa mtutu bila kukilazimisha. Ikibaki shaba ya kama milimita sita kati ya alama yako na mdomo wa mtutu, hali ni njema. Alama ikigusana na chuma, au ikazama, mtutu umepanuka pale ambapo risasi inaagana nao.

Sababu ya upanukaji huo mara nyingi si risasi zilizopigwa, bali kamba ya kusafishia. Kila askari alikuwa na kamba yenye uzito wa shaba upande mmoja na kitambaa upande wa pili, iliyohifadhiwa ndani ya kitako. Kamba hiyo ikiwa na mchanga, na askari akiivuta kwa pembe badala ya kuivuta wima, hukata mdomo wa mtutu kama kamba ya kisima inavyokata ukingo wake. Tazama duara la mdomo kwa kioo cha kukuzia: likiwa limeelekea kuwa umbo la yai, hiyo ndiyo kazi ya kamba. Bunduki iliyotunzwa kwa bidii ya mtu asiyejua kutunza huweza kuwa mbovu kuliko iliyosahauliwa.

Mwisho wa ukaguzi ni ubao wa mbele, sehemu ambayo karibu kila mgeni huiruka. Mtutu wa No. 4 haukuachwa uelee bila kugusa ubao. Uliundwa ulale juu ya ubao karibu na mdomo, ubao ukiusukuma juu kwa nguvu ya ratili 2 hadi 7. Shika ncha ya mtutu kwa vidole na uivute juu taratibu kutoka kwenye ubao. Ikikataa kidogo kisha ikakubali, na ukiiachia ikarudi kwa mlio mdogo mzito, ubao unafanya kazi yake. Ikiwa inacheza bure, au ikiwa mtutu umeegemea upande mmoja, ubao umekauka au umepinda. Bunduki zilizokatwa ubao wa mbele na wawindaji wa miaka ya 1950 na 1960 ili ziwe nyepesi zimepoteza mpango huo kabisa. Baadhi yake bado hupiga vizuri, lakini unanunua bahati nasibu, na bei iwe ya bahati nasibu.

Kuondoa grisi bila kuua historia

Bunduki iliyotoka ghalani huja imepakwa grisi nzito ya kahawia iliyoganda kama gundi. Funika meza kwa magazeti, vaa glavu, fungua dirisha. Sehemu za chuma ulizozitoa ziogeshe kwenye spiriti ya kupunguzia rangi, uzisugue kwa mswaki wa zamani, uzifute, kisha uzipake mafuta mepesi siku hiyo hiyo, maana chuma kilichovuliwa grisi huanza kutu kabla ya asubuhi. Ndani ya bolti usiwe mvivu. Grisi iliyoganda humo hupunguza kasi ya pini inayogonga fataki (kidonge kinachowasha baruti), na ndiyo sababu ya malalamiko mengi ya risasi kukataa kulia.

Kwa ubao tumia joto. Uviringishe kwenye taulo kuukuu, uutie ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, uuache kwenye jua kali au ndani ya gari mchana wa kiangazi; grisi itatoka yenyewe kama mafuta ya nazi yanavyoyeyuka, na utabadilisha taulo mara tatu au nne. Msasa usiuguse hata kidogo. Mihuri midogo ya wakaguzi iliyogongwa kwenye ubao ni nusu ya thamani ya bunduki, na msasa unaoufanya ubao uwe laini hupunguza pia mgusano wake na chuma, ambao tumeshaona ndio unaoushikilia mtutu. Ubao ukishakauka, upake mafuta ya kitani kwa kiganja, kidogo kidogo, ukiyasugua mpaka mkono upate joto, usiku mmoja kupita kati ya mpako na mpako. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo usivirundike. Vitandaze vikauke nje, kwa sababu vikirundikwa huweza kushika moto vyenyewe.

Wenye No. 1 wana mtego mmoja wa kuukwepa. Katika bunduki hiyo, ncha ya bolti ndefu inayokifunga kitako ni ya mraba, nayo imeshikwa na kibati kilichomo kwenye ubao wa mbele. Ukianza kufungua kitako kabla ya kuuondoa ubao wa mbele, ile ncha inazunguka na kuupasua ubao, na sauti yake ni ya kuni kavu inayokatwa kwa goti. Ubao wa mbele hutoka kwanza, kitako baadaye, wala usikifungue kama huna sababu.

Risasi

Bunduki hizi zililengwa zikitumia risasi iitwayo Mk VII, yenye kichwa cha grein 174 (zile gramu 11 hivi) na kasi ya futi 2,440 kwa sekunde, na vilengeo vyake vilikatwa kwa kufuata mruko wa risasi hiyo. Kwa hiyo anza na risasi mpya ya kiwandani yenye kichwa cha grein 174 na kitako bapa. Vichwa vyenye kitako kilichochongwa kama tezi ya jahazi huruka vizuri kwenye mtutu mpya, lakini kwenye mtutu ambao koo lake, yaani mwanzo wa mifereji mbele ya chemba, limeliwa na kodaiti mara nyingi havishiki mifereji sawasawa. Ikiwa bunduki yako inatawanya, jaribu kwanza kubadilisha umbo la kitako cha kichwa kabla ya kumlaumu fundi wa mwaka 1943.

Risasi za zamani za jeshi ni rahisi na zinavutia, ila nyingi zina fataki inayoacha chumvi ndani ya mtutu. Aliyekulia Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa chumvi inavyoyala mabati. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewani, na mafuta ya kawaida ya bunduki hayaiyeyushi. Yanaifunika tu, kutu ikaendelea chini yake. Maji ndiyo dawa. Pia usitumie risasi yenye ganda lililopasuka shingoni, lenye kutu ya kijani, au linalocheza kichwa chake ukilishika kwa vidole.

Siku ya kupima

Siku yangu ya kwanza uwanjani niliondoka nimekasirika. Duka lililoniuzia lilikuwa limeisifu bunduki kuwa na shabaha kali, nami kwa yadi 100 nikapiga risasi kumi, nyingi zikapita juu ya alama na mbili zikaikosa karatasi yenyewe. Nilikuwa tayari kuirudisha. Mzee mmoja aliyekaa meza ya jirani, ambaye hakuwa ameniambia neno asubuhi nzima, alinyoosha kidole akakibonyeza kilengeo changu cha nyuma. Kilikuwa kile kidogo cha kupindua chenye matundu mawili, moja la yadi 300 na jingine la yadi 600, nami nilikuwa nimelitumia la pili kwa sababu lilisimama wima zaidi.

Kosa hilo linawahusu watu wengi kuliko wanavyokiri. Bunduki ya jeshi haikulengwa kwa yadi 100. Hata ukitumia tundu la yadi 300, risasi ya Mk VII itapita juu ya alama kwa inchi sita au saba ukiwa yadi 100, na hilo si kasoro. Ukiwa na kilengeo cha ngazi kinachoanzia yadi 200, tarajia inchi tatu hivi juu. Weka karatasi kubwa, lenga chini ya duara jeusi kama askari walivyofundishwa, na uangalie kwanza ukubwa wa kundi, siyo mahali lilipo.

Kaa mezani, weka mfuko wa mchanga chini ya ubao wa mbele, karibu na magazini, kamwe usiuweke chini ya mtutu wala karibu na mdomo wake, maana utaharibu ule msukumo wa ratili chache tulioupima dukani. Vaa kinga ya masikio na miwani. Jicho litazame ulimi wa kilengeo cha mbele uwe mkali, duara jeusi libaki ukungu. Tundu la nyuma usilihangaikie, kwa kuwa jicho hutafuta katikati ya mwanga lenyewe. Risasi ya kwanza kutoka mtutu uliopakwa mafuta huenda inakojua, kwa hiyo usiihesabu. Piga tano, uiache bolti wazi kwa dakika kumi mtutu upoe, upige tano nyingine kwenye karatasi mpya. Makundi matatu ya namna hiyo yatakwambia zaidi kuliko risasi hamsini za mfululizo.

Kisha usome karatasi. Matundu yakipanda moja juu ya jingine kadiri mtutu unavyopata moto, ubao unausukuma vibaya, au umegusa mahali usipopaswa. Yakitengeneza makundi mawili madogo yaliyo mbali, kuna kitu kimelegea: angalia skrubu kubwa iliyo mbele ya magazini, kisha skrubu za kilengeo cha nyuma. Kundi pana bila mpango wowote laweza kuwa mdomo wa mtutu, laweza kuwa risasi, na laweza kuwa wewe, kwa hiyo mpe bunduki mtu mwingine apige tano kabla ya kuhukumu. Kundi dogo lililokaa pembeni ndilo tatizo jema. Kulisogeza kushoto au kulia, ulimi wa mbele husukumwa kwa kifaa maalumu upande ule ule kundi lilikokosea. Kulishusha, weka ulimi mrefu zaidi. Ndimi hizo zilitengenezwa zikipishana kwa inchi 0.015, na kila hatua hulisogeza kundi kwa inchi mbili hivi kwa yadi 100. Usiuguse ulimi wa asili kwa tupa, kwa maana uliokatwa hauongezeki.

Mambo haya yana ndugu zake katika bunduki nyingine za kizazi hicho. Mauser ya Sweden ya M96 hubeba kwenye kitako kisahani cha shaba kinachoeleza hali ya mtutu wake, adabu ambayo ningependa kila taifa lingeiiga. Chini ya bamba la kitako la K31 ya Uswisi mara nyingi kuna kikaratasi chenye jina la askari aliyeibeba, na mtutu wake huwa umetunzwa kama cherehani ya bibi. Mosin-Nagant ya Kirusi hutofautiana sana moja kwa moja, kutoka mbovu hadi bora, na zile zilizoundwa upya na Wafini kwa mitutu yao wenyewe, hasa M39, ndizo za kushindana nazo.

Kabla hujaondoka uwanjani, kama ulitumia risasi za zamani, mimina maji ya moto kupitia chemba yatokee mdomoni. Chupa ya chai ya moto yenye maji matupu inatosha, pamoja na faneli yenye mrija ili maji yasiingie kwenye ubao. Moto wa maji husaidia chuma kukauka chenyewe. Ukifika nyumbani pitisha vitambaa vikavu, kila mara ukianzia chembani kuelekea mdomoni, kwa fimbo iliyonyooka badala ya kamba, kisha kitambaa chenye mafuta kidogo, na usafishe pia uso wa bolti. Siku ya pili pitisha kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka na rangi ya chai, chumvi bado imo. Chemsha maji tena.